Mwaka Nilipoliandika Jina la Shemeji

Shemeji yangu Huqa, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alizikwa Biliqo siku ya Ijumaa, tarehe 14 Juni 2019, baada ya sala ya adhuhuri. Nilifika kesho yake kwa gari la kukodi kutoka Isiolo, nikakaribishwa katika nyumba ya mjane wake, nikaketishwa juu ya ngozi karibu na mlango penye upepo, nikapewa kikombe cha chai ya maziwa. Nilikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kikombe changu cha kwanza katika nyumba hiyo tangu mwaka 1983, kwa maana kwa miaka thelathini na sita Huqa hakula wala kunywa kwangu, nami, ili tuwe sawa, sikula wala kunywa kwake. Tulisalimiana kwenye harusi na kwenye mazishi. Aliniuliza hali ya watoto, nikamuuliza hali ya mifugo, kisha kila mmoja akatazama upande wake. Sababu ya jambo hilo nitaieleza hapa, na nitaieleza kwa tarehe, kwa kuwa wengi wameisimulia bila tarehe na wameiharibu.

Msomaji ataona kwamba nimeliandika jina lake. Katika ukoo nilioolewa, mke hataji kwa mdomo jina la baba mkwe wala la kaka mkubwa wa mume wake. Husema Shemeji, au husema baba wa fulani, na jina likifanana na neno la kawaida, hata neno hilo hulizunguka na kutafuta jingine. Nimeishi na desturi hiyo tangu siku niliyoolewa na sijaivunja hata mara moja. Kuandika, hata hivyo, si kutaja. Tofauti hiyo sikufundishwa na mtu. Niliigundua mwenyewe katika mwaka ninaousimulia, na iligharimu kikombe cha chai. Jina langu ni Talaso, yaani aliyezaliwa Jumanne. Siku ninayo, tarehe na mwaka hakuna aliyeviandika. Nadhani ndiyo maana baada ya hapo sikuacha tarehe yoyote inipite.

Nilianza kazi Jumanne, tarehe 1 Februari 1983, katika maabara ndogo ya mifugo iliyokuwa kando ya karantini, nje ya mji wa Isiolo. Karantini ilikuwa uwanja mpana uliozungushiwa ua, ambamo ng'ombe kutoka kaskazini walikaa wakichunguzwa kabla ya kuruhusiwa kwenda kuuzwa nyanda za juu. Niliosha chupa, nikachemsha sindano, nikafagia. Mkuu wa maabara alikuwa Daktari Mutwiri, Mmeru mwembamba aliyebeba chaki zake katika kasha la kipimajoto ili zisivunjike. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri, daktari huyohuyo alitufundisha Baiolojia bila malipo katika darasa la shule ya msingi. Tulikuwa watahiniwa tisa wa kujitegemea, watu wazima sote, tumekaa kwenye madawati ya watoto huku magoti yakigonga mbao. Nilikuwa na umri wa miaka kama thelathini na mitatu. Mwenzangu wa dawati alikuwa Josephine Akiru, Mturkana, mpishi wa shule hiyohiyo, ambaye mikono yake ilinukia moshi na vitunguu hata baada ya kunawa. Akiru alikuwa akiandika polepole kuliko mimi na kufikiri haraka kuliko sote.

Somo ninalolikumbuka lilikuwa la Alhamisi, tarehe 23 Juni, katika wiki ya pili ya Ramadhani. Dirisha halikuwa na kioo, vumbi la mifugo lilikuwa likiingia, na mimi nilikuwa nimefunga. Daktari alifuta ubao kwa kiganja na kusema, "Leo tunaacha silabasi. Hii haitakuja kwa mtihani. Mwenye haraka aende." Hakuna aliyeondoka. Akaandika neno moja kwa herufi kubwa: KIMENG'ENYA. Nilijua kumeng'enya ni kazi ya tumbo, nikainua mkono. "Daktari," nikasema, "sisi wengine tumefunga. Usitutajie mambo ya tumbo saa hii." Akiru akanong'ona kwa sauti iliyofika dirishani: "Mimi sijafunga na hata mimi njaa imenishika." Darasa likacheka, na Daktari akasubiri tumalize. "Kimeng'enya si ya tumbo peke yake," alisema. "Ni protini yenye kazi moja, inafanya hiyo kazi, inarudia, haichoki. Iko ya kukata, iko ya kuunga. Kila seli ya mwili wako iko nazo, hata ya kope. Na ziko zingine zimelala tu, zinangoja kitu kimoja. Kirusi."

Alieleza akitembea kati ya madawati. Kirusi, alisema, hakina jiko wala mtambo wake. Ni barua iliyofungwa ndani ya bahasha. Huingia katika seli, bahasha ikafunguka, na seli isiyojua ikaisoma barua ile kana kwamba imeandikwa na mwenye nyumba, ikaanza kuunda virusi vingine. Barua za seli yenyewe zimeandikwa katika uzi mmoja. Lakini kirusi cha aina aliyoizungumzia, mfano kile kinacholeta ugonjwa wa miguu na midomo kwa ng'ombe, kinapojinakili, uzi wake hulala pamoja na nakala yake, nyuzi mbili zikasokotana. Hapo ndipo kinapojulikana. Kimeng'enya cha kwanza kilichokuwa kimelala kikigusana na uzi huo wa mara mbili huamka, kikaanza kuunga minyororo mifupi mifupi. Minyororo hiyo huenda kukiamsha kimeng'enya cha pili, na hicho cha pili ni mkasi. Mkasi hukata barua. Kipo na cha tatu, ambacho kikiguswa na uzi uleule huusimamisha mtambo wote wa kuunda protini. Mambo haya, alisema, yalikuwa yamejulikana kwa miaka michache tu. Yeye aliyasikia alipokuwa masomoni ng'ambo, na alirudi nayo katika daftari lenye jalada la kijani ambalo hakuruhusu mtu kuligusa.

"Na barua za mwenyewe?" Akiru aliuliza. "Huo mkasi unajua ya mgeni na ya mwenyeji?"

"Haijui. Ikishaamka, inakata zote."

"Basi seli inakufa."

"Mara nyingi, ndiyo. Lakini kabla haijafa imetoa protini ya onyo, inaenda kwa majirani. Jirani akipata hilo onyo hakati kitu. Anaongeza tu vimeng'enya vyake, vinakaa vimelala, tayari. Kirusi ikifika huko inakuta watu wameshajipanga."

"Hiyo ni hasara," Akiru alisema.

"Ni hasara ya nyumba moja," Daktari akajibu, na akageuka kutafuta chaki.

Mimi nilikuwa na swali jingine. Nimefuma vyombo vya maziwa tangu utotoni kwa nyuzi za mizizi, na kila mfumaji anajua kwamba uzi mmoja hukatika. Ukitaka kitu kidumu unasokota nyuzi mbili juu ya paja. Nikasema kwamba sikuelewa kwa nini uzi bora ndio uhesabiwe kuwa wa adui. Daktari alichukua karatasi iliyokuwa mezani, akaikunja mara mbili, akaibana kwa vidole. "Soma," akaniambia. Nikasema siwezi kusoma barua iliyokunjwa. "Na seli pia haiwezi," alisema. "Ndani ya seli hakuna fundi wa kusokota kamba, mama. Uzi wa pale ni wa kusomwa. Ukikuta umesokotwa, ujue ameingia mtu ambaye haja yake ni kujizidisha." Niliandika maneno hayo neno kwa neno, na daftari hilo bado ninalo.

Tuliishi mtaa wa Chechelesi, katika nyumba ya mabati yenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia la shuka. Mume wangu, Guyo, alikuwa fundi cherehani. Mchana alishonea kwenye baraza ya duka mjini, na jioni cherehani ilirudi nyumbani kwa mkokoteni, ikawa meza yangu ya kusomea. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomweleza habari ya vimeng'enya, nikitumia vipande vyake vya uzi, alisikiliza mpaka mwisho, akachukua mkasi wake mkubwa wa chuma na kuupima mkononi. "Mkasi unaoamka wenyewe ni kitu kibaya," alisema. "Mkasi lazima uwe na mkono wa mtu."  Mama mkwe wangu, ambaye tulimwita Ayyo, alikuwa amelala upande wa pili wa pazia akisikiliza, maana yeye hakulala usingizi bali alilala kusikiliza. "Hao Warusi unaowasoma," aliuliza, "wamefika Isiolo? Redio ilisema wako kwa Wahabeshi." Nikamwambia, si Warusi, Ayyo, ni virusi, vitu vidogo kuliko vumbi, vinaingia mwilini bila kuonekana na kutumia mali ya mwenyewe.  "Sasa umenieleza tofauti gani?" akasema. Guyo alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

Mvua za masika mwaka huo zilikuwa hafifu, na kila aliyefika kutoka kaskazini alisema nyasi zimekwisha mapema. Jumatano, tarehe 10 Agosti, alasiri, Huqa aliingia mjini kutoka Biliqo baada ya mwendo wa siku tisa kando ya mto, akiwa na ng'ombe ishirini na sita. Aliwaacha na wachungaji nje ya mji. Ijumaa wangekaguliwa kwenye lango la karantini, na wakipita wangeingia na kuuzwa pamoja na wengine. Alihitaji kuwauza kabla ya kiangazi kukaza. Wasiponunuliwa, angewarudisha siku tisa zilezile mahali pasipo na nyasi. Hayo hayakuwa siri, na nilimhurumia, kwa sababu alikuwa mtu mwema kwetu. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alituletea ng'ombe wawili wa maziwa kwa miguu yake mwenyewe, akakaa mjini wiki nzima mpaka walipozoea kufungwa.

Nilimwandalia anjera, chapati laini za chachu, na nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika samli, na baada ya chakula nikaanza kukaanga buna, punje za kahawa katika samli, kama inavyompasa mgeni wa heshima. Jiko la makaa lilikuwa upande wangu wa pazia. Upande wa pili walikaa Huqa, Guyo na Ayyo, wakizungumza Kiborana. Punje za buna zikipasuka hufanya kelele, na pengine Huqa alidhani kelele hizo zinamfunika.

"Watatu walianza kutoa mate tulipovuka mto," alisema. "Oyale."

Oyale ndilo jina letu la ugonjwa wa miguu na midomo. Cherehani ilikuwa ikizunguka, ikasimama. "Watatu tu?" Guyo aliuliza.

"Watatu wa kwanza. Nikachukua mate yao nikawapaka wengine midomoni, wapite wote pamoja, nisikae mwezi mzima nikiuguza mmoja mmoja. Ndivyo baba alivyofanya. Sasa karibu wote wamepona. Nimewaosha midomo kwa chumvi na magadi. Ijumaa yule Mmeru akifungua kinywa ataona ulimi safi kuliko wake."

"Na kwato?"

"Kwato ni matope. Nani anaangalia matope?"

"Ndani ya karantini kuna ng'ombe wa watu, kaka."

"Oyale haiui ng'ombe mzima. Inapita. Wewe umekaa na nguo za wanawake mpaka umesahau ng'ombe." Ayyo akacheka, na Guyo naye akacheka kwa kulazimika. Nikapeleka buna. Huqa alichota kwa kijiko, akanibariki, akasema mikono yangu haijaharibiwa na kalamu.

Ni haki nieleze kwamba katika mengi aliyosema alikuwa sahihi. Ng'ombe mzima hupona kwa kawaida, na kumpaka mwenzake mate ili zizi zima liugue na kupona kwa pamoja ni maarifa yenye sababu yake, kwa zizi linalokaa kwake. Lakini zizi hili lilikuwa safarini. Ndani ya ua ule walikuwamo ng'ombe wa watu wengine zaidi ya mia mbili, ambao baada ya siku chache wangesambazwa katika mashamba ya nyanda za juu, penye ng'ombe wa maziwa na ndama wachanga, na ndama hawapiti kama wakubwa wanavyopita. Nilikuwa nimeosha chupa za maabara ile kwa miezi sita. Nilijua ugonjwa ukionekana nyanda za juu na kufuatiliwa mpaka Isiolo, kingefungwa kila kitu, kwa kila mfugaji kutoka Garbatulla hadi Merti, na hakuna ambaye angejua umeanzia kwa nani, isipokuwa wachungaji wake na sisi wanne tuliokuwa nyumbani kwangu.

Alfajiri ya Alhamisi, baada ya sala, Huqa aliketi nje kwenye kigoda. Nilimpelekea chai yake, nikasimama. "Shemeji," nikasema, "jana pazia lilikuwa jembamba."

Akapokea kikombe, akakishika bila kunywa.

"Saa mbili nitamwambia Daktari. Nakuambia wewe kwanza ili usilisikie kwa mtu mwingine. Ukitaka kwenda kusema mwenyewe, mimi nitakaa nyumbani."

"Shule imekufundisha hivi?"

"Ni kuosha chupa, Shemeji."

"Maziwa uliyokunywa ukiwa mzazi," alisema, "yalitoka kwa mama za ng'ombe hawa."

"Ndiyo. Sijasahau."

"Na bado utasema."

"Nitasema."

Aliinama akakiweka kikombe chini, kimejaa, mvuke ukitoka, kisha akakisukuma kuelekea kwangu kwa kidole kimoja, polepole, bila kumwaga hata tone. Sijapata kutukanwa kwa adabu kubwa zaidi. Akasimama, akachukua fimbo yake, akaondoka kuelekea kwenye ng'ombe wake. Ayyo alikuwa mlangoni. "Mke wa mwanangu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "ametuletea Warusi ndani ya nyumba." Guyo alikuwa ndani akitunga uzi kwenye sindano; nilimwona akikosa tundu mara tatu. Nilimuuliza kama ananizuia. "Mimi ni mdogo wake," akajibu. "Siwezi kusema, na siwezi kukuzuia wewe usiseme." Kisha akanipa mkoba wangu, ambao ulikuwa karibu na mimi kuliko na yeye.

Saa mbili kamili nilikuwa maabara. Nilimweleza Daktari Mutwiri kwa ufupi: ng'ombe ishirini na sita, wamefika jana, wameoshwa midomo kwa magadi, aangalie kwato. Alivuta fomu. "Ng'ombe ya nani?" Nikasema ni wa shemeji yangu. "Jina?" Nikanyamaza. "Mama, fomu inataka jina. Jana na leo wamekuja watu sita na ng'ombe zao, nitasimamisha nani?" Nikanyamaza tena. Alidhani nimejuta. "Unaogopa? Atakupiga?" Nikamwambia siogopi, ila siwezi kulitaja, nikamweleza desturi yetu kwa maneno machache. Aliweka kalamu, akajishika kichwa. Alikuwa mtu wa kazi, na langoni mifugo ilikuwa tayari inalia. "Sasa tutafanya nini? Nikuitie mtu aje aseme badala yako?" Hilo nisingelikubali, kwa kuwa jambo langu lingekuwa jambo la mji mzima kabla ya saa tatu. Nikaitazama kalamu. Midomo yangu ilikuwa imekatazwa. Mkono haukuwa umetajwa popote, kwa sababu walioweka desturi hiyo hawakumfikiria mke anayejua kuandika. Nikaigeuza fomu upande wangu, nikaandika jina lake na jina la baba yake, yaani shemeji na baba mkwe, majina mawili yaliyokatazwa katika mstari mmoja, kwa mwandiko mzuri. Daktari aliyasoma kwa sauti. Nilitazama pembeni alipokuwa akiyasoma.

Kwato zilikuwa na vidonda. Lango lilifungwa asubuhi hiyohiyo, ng'ombe wa Huqa wakatengwa kwenye bonde la mbali, na waliokuwa ndani wakachanjwa na kuzuiwa. Jumanne, tarehe 30 Agosti, Huqa aliwarudisha Biliqo. Karantini ilifunguliwa tena Oktoba, bila yeye. Mwaka uliofuata mvua zilikosekana kabisa, na kati ya ng'ombe wale ishirini na sita walibaki tisa. Siwezi kusema ni ndama wangapi wa nyanda za juu waliopona kwa sababu yangu, kwa kuwa kisichotokea hakihesabiki. Kumi na saba waliokufa walihesabika, na kila mtu katika ukoo aliwajua kwa rangi zao. Guyo hakunilaumu, wala hakunisifu. Kila Idi alipeleka nguo mpya Biliqo kwa kaka yake, akarudi na salamu kwa kila mtu nyumbani, ila mimi sikutajwa. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki Jumanne, tarehe 8 Machi 2011, siku ya jina langu.

Novemba 1983 nilifanya mtihani, nikafaulu. Vimeng'enya vilivyoulizwa vilikuwa vya tumbo tu. Akiru alitoka chumbani akasema, "Umefunga bure." Baadaye nilipandishwa kuwa msaidizi wa maabara, na nikastaafu nikiwa na funguo za kabati lote. Wajukuu wangu waliosoma sayansi hupenda kunisikiliza nikisimulia somo la Alhamisi ile, na mmoja wao huniuliza kama ndilo lililonifanya niseme. Angependa iwe hivyo. Namwambia kwamba nimelifikiria sana na jibu langu ni hapana. Kimeng'enya hakina shemeji. Kinaguswa na uzi, kinaamka, kinakata, na hakuna asubuhi ambayo lazima kipokee kikombe kilichosukumwa kwa kidole. Mkasi wangu ulikuwa na mkono, kama Guyo alivyotaka, na mkono huo ulikuwa wangu. Somo lilinipa kitu kidogo kuliko hicho: lilinijulisha kwamba hasara ya nyumba moja ni hasara kweli, na kwamba Daktari alipogeuka kutafuta chaki ni kwa sababu hakuwa na la kuongeza.

Narudi kwenye kikombe cha Biliqo. Aliyenipa chai siku ile alikuwa Qabale, mke kijana wa mjukuu wa Huqa, aliyeolewa kutoka upande wa Marsabit na hakunijua. Alikuwa na mtoto mgongoni na simu mkononi, na kila baada ya muda aliitazama. Akaniomba radhi. "Samahani, akko," alisema, akiniita nyanya kwa Kiborana, "mbuzi wetu wawili wameanza kukohoa jana, hata na msiba lazima nipige talaso."

Niliweka kikombe juu ya goti. Nikamuuliza anapiga nini.

"Talaso. Huko kwenu hamsemi hivyo? Ni kuambia majirani kama una ugonjwa kwa boma, kabla jua halijazama, ili wafunge zao. Nimeshapiga kwa boma nne, imebaki moja haishiki mtandao."

"Nani aliwafundisha neno hilo?"

"Huyu mzee tuliyezika." Akainamisha uso, akatabasamu, maana naye pia alikuwa mke wa nyumba hiyo na hakuweza kumtaja. "Wanasema zamani alikuwa anatumia kama tusi. Mtoto akichongea mwenzake: wewe ni talaso. Halafu miaka ya ugonjwa mkubwa wa mbuzi, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutuma watu usiku na mchana kwa kila boma. Akiulizwa hao watu wanaenda kufanya nini, anasema, wanaenda kunifanyia talaso. Sasa kila mtu anasema. Hata daktari wa mifugo anasema."

"Na Talaso mwenyewe?"

"Ati alikuwa mwanamke fulani wa mjini, wa zamani sana. Mkali. Alishakufa."

Nilikunywa chai mpaka nikaona chini ya kikombe. Kisha nikamnyooshea anijazie tena, na wakati anamimina nikamwambia kwamba hajafa, na kwamba haikuwa zamani sana: ilikuwa Alhamisi, tarehe 11 Agosti 1983, saa mbili kamili asubuhi.